Asilimia 91 yangu imetokana na watoto walioandikwa mara mbili

Yaya mpendwa,

Jambo sana. Nina miaka 31, ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi, na niko mwaka wa pili wa masta ya mifumo ya taarifa na sayansi ya data. Mchana ninaingiza takwimu katika ofisi moja ya afya, masomo ni jioni na Jumamosi. Minerivali, yaani ada ya chuo, analipa mjomba wangu tangu mwaka wa kwanza. Mimi najitafutia mega za intaneti, na umeme ukikatika ninalipa kidogo kwa jirani mwenye jenereta.

Tasnifu yangu inahusu watoto wanaoanza chanjo na hawaimalizi. Nilipewa madaftari ya vituo viwili vya afya, tukayaandika kwenye kompyuta mstari kwa mstari, mimi na mdogo wangu wa kiume, kwa miezi minne. Tulipata mistari 3,846. Kisha nikatengeneza modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mtoto akiletwa kwa Penta ya kwanza (chanjo inayokinga magonjwa matano) akiwa na wiki 6, modeli inajaribu kusema kama atafika kwenye Penta ya tatu ya wiki ya 14 au atapotea njiani. Niligawa data kwa bahati nasibu kama tulivyofundishwa: asilimia 80 za kufundishia, 20 za kujaribia. Majibu yalikuwa sahihi kwa asilimia 91. Profesa anayenisimamia alinipa mkono mbele ya wenzangu na kusema tutaandika makala pamoja.

Wiki mbili zilizopita nilipanga jedwali kwa jina la mama, nipate tu mfano wa kuweka kwenye sura ya nne. Nikaona Ngoy Kasongo Grâce, na chini yake Ngoie Kasongo. Mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, avenyu moja, namba moja ya nyumba. Niliendelea kuangalia mpaka saa nane usiku. Kumbe daftari moja lililowa mvua na muuguzi akalinakili lote upya. Sisi tukapewa la zamani na jipya. Mdogo wangu akaandika moja, mimi nikaandika lingine. Wapo pia akina mama waliohama kituo, na watoto wao wakaandikwa tena kule kutoka kwenye kadi. Nilipoondoa wanaofanana nilibaki na watoto 2,204, na modeli ikashuka hadi asilimia 71. Katika data yangu watoto watatu kwa kila wanne wanamaliza chanjo, kwa hiyo hata mtu asiye na modeli akisema "wote watamaliza" ananishinda.

Nimebakiza wiki sita nitetee. Mjomba amekwisha kununua kitenge cha sare kwa ajili ya familia, na shangazi atatoka Likasi. Rafiki yangu, ambaye nilimtumia faili yote kwa WhatsApp aniangalizie, ananiambia niache ilivyo, maana jopo husoma utangulizi na hitimisho na hakuna atakayefungua data. Profesa anataka makala itumwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nikimwambia, ataona nimemwaibisha. Nikinyamaza, kila nikiiona hiyo 91 moyo unanidunda. Nifanye nini?

Mwanafunzi wa Katuba


Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Jibu la swali lako ni hili: usinyamaze. Mwone profesa wiki hii, kabla makala haijatoka mikononi mwake, na tasnifu uiandike kwa namba itakayotoka kwenye data safi, iwe 71 au hata chini yake. Nimesema hata chini yake kwa sababu kwa jinsi ulivyoeleza, kusafisha bado hakujaisha.

Kwanza tuelewane juu ya kilichotokea, maana utatakiwa kukieleza kwa maneno yako ukiwa umesimama mbele ya watu. Mistari ilipogawanywa kwa bahati nasibu, Grâce wa daftari la zamani alianguka upande wa kufundishia na Grâce wa daftari jipya akaanguka upande wa kujaribia. Modeli ikaulizwa juu ya mtoto ambaye jibu lake ilikuwa nalo tayari. Kwenye masomo yenu hii inaitwa kuvuja kwa data. Nimefanya hesabu ya haraka kwa namba zako: ikiwa mistari 1,642 ni nakala, mistari 3,284 ina mwenzake, na ukitoa jozi zilizoangukia upande mmoja, basi karibu theluthi mbili za watoto uliowajaribia walikuwa na pacha wa karatasi upande wa pili. Hao modeli iliwapata wote bila kazi. Theluthi iliyobaki iliwapata kwa 71. Jumlisha, unafika kwenye 91 yako. Weka hesabu hiyo kwenye tasnifu. Jopo likiona unajua namba ilikotoka na ilikokwenda, litakusikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Sasa hiyo 71 inayokunyima usingizi. Unasema anayetamka "wote watamaliza" anakushinda kwa 75. Ni kweli, na hiyo inaonyesha kwamba ulikuwa unapima kitu kisichofaa tangu mwanzo, hata kabla ya nakala kuingia. Chukua watoto 100, na 25 kati yao watapotea. Yule wa "wote watamaliza" anapata 75 na hampati hata mtoto mmoja wa kufuatwa nyumbani. Tuseme modeli yako inataja watoto 40 wa kufuatwa, na 18 kati yao ni kweli wangepotea. 22 imewashuku bure, na 7 wamepita bila kuonekana. Usahihi wake ni 71. Lakini reko, yule mhudumu wa afya wa mtaani, mwenye siku mbili tu za kuzunguka mtaani, akiwa na orodha hiyo ya nyumba 40, atawakuta 18. Akichagua nyumba 40 kwa kubahatisha atawakuta kama 10. Watoto hao 8 wa ziada ndio kazi yako. Huo ni mfano wangu, fanya hesabu hiyo kwa namba zako: kati ya waliopotea kweli, modeli iliwataja wangapi, na kati ya iliowataja, wangapi walipotea kweli. Ukiwa na namba hizo mbili, unaweza kuingia kwenye chumba cha kutetea bila 91.

Nakuomba pia urudi kwa wale waliohama kituo, kwa sababu hapo naona jambo zito kuliko nakala za mvua. Umesema uliondoa wanaofanana. Uliondoa mstari upi? Mtoto aliyepata Penta ya kwanza kituo cha kwanza kisha mama yake akahamia upande wa kituo cha pili, kwenye daftari la kwanza anaonekana amepotea. Kwenye daftari la pili amemaliza, chanjo zote tatu zipo. Ukifuta mstari wa pili na kubaki na wa kwanza, umeandika kwamba mtoto huyu aliacha chanjo, na modeli itajifunza hivyo. Kumbe mama alihama tu, labda kodi ilipanda, labda mume alipata kazi upande ule. Kwa hiyo mistari ya mtoto mmoja usiifute, iunganishe: historia moja kwa mtoto mmoja, tarehe zote kutoka pande zote mbili. Baada ya hapo hesabu upya ni wangapi wamepotea kweli. Sitashangaa wakipungua. Na hata hivyo kuna waliohamia kituo cha tatu ambacho huna daftari lake. Hilo liandike wazi kama mpaka wa kazi yako.

Kuunganisha majina ni kazi yenye historia yake, na jopo litafurahi ukiijua. Ivan Fellegi na Alan Sunter, waliokuwa ofisi ya takwimu ya Kanada, waliandika nadharia yake mwaka 1969. Wanasema usiulize tu kama majina yanafanana, uliza kufanana huko kuna uzito gani. Akina Ilunga wawili kwenye daftari la Lubumbashi hawakuambii kitu; jina la nadra likijirudia pamoja na tarehe ileile linakuambia mengi. Mwishoni unapata mafungu matatu: hawa ni mmoja, hawa ni wawili, na fungu la katikati ambalo mtu lazima aliangalie kwa macho yake. Hilo la katikati usiiachie kompyuta.

Tahadhari na njia zilizotengenezwa kwa majina ya kwingine. Utakuta Soundex, njia ya kulinganisha majina kwa jinsi yanavyosikika, kwenye maktaba za Python. Hataza yake ya kwanza ilitolewa Marekani mwaka 1918 kwa Robert Russell, na ilikusudiwa majina ya kule. Inashika herufi ya kwanza kama ilivyo, kisha inabadili konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Ngoy, Ngoie na Ngoyi itawaweka pamoja, vizuri. Lakini muuguzi mmoja akiandika Kyungu na mwingine akaandika Chungu kama anavyolisikia, Soundex itawatenga kwa sababu ya K na C. Umbali wa Levenshtein wa mwaka 1965 unahesabu herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zipunguzwe ili jina moja liwe lingine, na kwa majina yetu unasaidia zaidi. Ila nao una shimo lake, nitalitaja kabla sijamaliza.

Ukishapata mtoto mmoja mstari mmoja, usigawe tena kwa bahati nasibu. Ndugu wa mama mmoja wanafanana kwa karibu kila kitu unachopima: nyumba ileile, umbali uleule hadi kituoni, umri wa mama unaokaribiana. Waweke wote upande mmoja. Bora zaidi, fundisha modeli kwa waliozaliwa mapema na uijaribu kwa waliozaliwa baadaye, kwa kuwa kazini itakutana na watoto ambao leo bado hawajazaliwa. Tena hukuniambia umetumia safu zipi. Pitia moja moja na ujiulize: siku mtoto anapewa Penta ya kwanza, muuguzi analijua hili? Kama BCG, chanjo ya kifua kikuu, ilichelewa, analijua. Ila "mara ngapi aliletwa kupimwa uzito" ikiwa imehesabu hadi mwezi wa tisa, au chanjo ya surua imeandikwa amepata, hizo ni habari za baadaye. Zitoe, hata kama namba itashuka tena.

Kuhusu profesa. Umeandika kwamba ataona umemwaibisha, na naielewa hofu hiyo, alikupa mkono mbele za watu. Lakini aibu ya kweli itampata makala ikishatoka yenye jina lake, kisha mtu wa kituo kimojawapo aisome na kuuliza: watoto 3,846 mliwatoa wapi, sisi hatujawahi kuwa na watoto wengi hivyo? Rafiki yako anasema hakuna atakayefungua data. Nimekaa upande wa jopo zaidi ya mara moja, na hatukuhitaji kufungua data. Swali moja la kawaida, "uliwapataje hawa?", linatosha.

Mwendee ofisini, usimwandikie ujumbe wa simu. Chukua karatasi mbili zilizochapwa. Kwenye ya kwanza weka jozi kumi za mistari inayojirudia, majina ukiwa umeyaficha, tarehe na avenyu vikionekana. Kwenye ya pili weka majedwali mawili, kabla na baada. Mtazungumza Kifaransa kama kawaida ya chuo, lakini kwa Kiswahili ningesema hivi: "Profesa, nimeona kosa kwenye data yangu, nimeanza kulirekebisha, na namba imebadilika. Nakuomba tusitume makala kabla hujaangalia." Basi. Usitumie dakika kumi kuomba msamaha, mpe karatasi asome. Kisha omba muda zaidi. Kuunganisha watoto 2,204 vizuri, kwa mtu anayefanya kazi mchana, hakuingii kwenye wiki sita pamoja na kuandika. Wengi wa walimu wetu, wakionyeshwa kosa na mwanafunzi aliyeligundua mwenyewe, humheshimu zaidi. Akikataa, akisema acha 91 ibaki, mwombe kwa adabu jina lako lisiwekwe kwenye makala hiyo, na tasnifu yako iandike namba zote mbili na sababu. Akikuzuia hata hilo, nenda kwa mkuu wa idara ukiwa na karatasi zilezile.

Kuna jambo hukuniuliza, nami siwezi kuliruka. Ulimtumia rafiki faili yote kwa WhatsApp: majina ya watoto, majina ya mama zao, avenyu na namba za nyumba. Mama aliyembeba mtoto wake mpaka kituoni alimpa muuguzi habari hizo ili mtoto achanjwe. Hakukupa wewe uzitume kwenye simu za watu. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, nayo inalinda taarifa binafsi. Ungelipaswa kuisoma kwa ajili ya sura yako ya mbinu hata hivyo. Leo hii mwambie rafiki aifute, kwenye simu na kwenye kompyuta, na uone ameifuta. Kisha mpe kila mtoto namba, orodha inayofungamanisha namba na jina ibaki kituoni kwenye kabati lenye kufuli, nawe ufanye kazi na namba. Ukimaliza kuunganisha, majina huyahitaji tena.

Huenda unajiuliza kama yote haya yanastahili jasho lako. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa mwaka ule anaweza leo kuwa na mtoto chuo kikuu. Tangu hapo, anayetaka kujua ana watoto wangapi kwenye eneo lake anategemea makadirio, na ndiyo maana wakati mwingine unaona ripoti ya chanjo imepita asilimia 100. Mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, DHIS2, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao wizara yetu ya afya inautumia, hupokea kutoka vituoni jumla za kila mwezi. Jumla haimwoni mtoto aliyetoka kituo kimoja akaingia kingine. Wewe umekaa miezi minne na mdogo wako mkiandika mtoto mmoja mmoja, kwa hiyo wewe unaweza kumwona. Ukiweza kusema "kati ya waliohesabiwa wamepotea, hawa walikuwa wamehama tu", mkuu wa kituo atakipata kitu ambacho hajawahi kuambiwa na ripoti yoyote. Kwangu mimi hiyo ndiyo tasnifu, na modeli iwe sura yake ya mwisho. Ukizungumza na profesa, mweleze hivyo pia. Makala anayoitaka bado ipo, tena nzuri kuliko ile ya kwanza.

Kwa mjomba nenda Jumapili, umkute ametulia, kabla bukari, ugali wetu, haijafika mezani. Mwambie siku ya kutetea inaweza kusogea na umwambie kwa nini, bila hesabu nyingi: watoto waliandikwa mara mbili, nami siwezi kusimama mbele ya walimu na kuwahesabu mara mbili. Mtu aliyelipa minerivali miaka miwili ataelewa. Kitenge hakiozi kabatini, na shangazi atasafiri siku itakayopangwa.

Nimesema nitarudi kwenye shimo la Levenshtein. Familia za Baluba wa Katanga huwaita mapacha Mbuyu na Kabange, na wa Kasai huwaita Mbuyi na Kabanga, nao wote wako kwenye madaftari yako. Kati ya Mbuyu na Mbuyi kuna tofauti ya herufi moja: huenda ni mtoto mmoja aliyeandikwa na wauguzi wawili, huenda ni watoto wa nyumba mbili. Na mapacha wenyewe wana mama mmoja, tarehe moja, avenyu moja, namba moja ya nyumba, kama Grâce na nakala yake. Ukipanga kwa vitu hivyo vinne peke yake, programu itamfuta mmoja wao na hutajua. Mbuyu na Kabange uwapitie kwa mkono, mmoja mmoja, na pale mnapotilia shaka mrudi kituoni na mdogo wako muulize. Muuguzi atawakumbuka mapacha.

Ukishaonana na profesa niandikie alivyosema, na siku mpya ya kutetea ni ipi.

Yaya wako